Aliyeita Mwanzo

Magharibi ilikuwa inakaribia Riyama Himid alipofunga mfuko wenye vitabu kumi na viwili, akamwambia mwanawe, "Wanu, nazi ile ikune. Nnapeleka vitabu Kajificheni, narudi sasa hivi."

"Vyote hivyo mtu mmoja, mama?"

Wanu alishangaa, na alikuwa na haki ya kushangaa. Miaka sita sasa mama yake anaandika riwaya za vijana: mabinti wanaopanda nyangumi, visiwa vinavyohama, majini wenye wivu. Vitabu aliviandika mwenyewe, akavichapisha mwenyewe, akavipigia debe mwenyewe, na mwisho wa yote akavisoma mwenyewe. Hata kazi ya ualimu aliiacha. Nakala za kitabu cha tatu zilijaa uvunguni mwa kitanda, hapo Michenzani, na kila akilala alihisi zinamsukuma mgongo. Wenzake walimwambia, "Bibi wee, andika mapenzi, watu watasoma." Alicheka nao, kisha akaingia chooni kulia.

Ndipo alipofanya alilolifanya.

Bibi yake, marehemu Bi Mwanamkasi wa Makunduchi, alikuwa kiti cha pepo. Pepo alimpanda kichwani na kusema kwa kinywa chake. Jina la pepo huyo halikutajwa mpaka ubani uwe juu ya makaa na bibi ameshakaa tayari. "Pepo haitwi kama kuku," bibi alikuwa akimwambia. "Ukimwita, uwe na pa kumkalisha."

Riyama alilichukua jina lile akampa mchawi wa kitabu chake. Jina zuri, linajaa mdomoni. Mimi silitaji hapa, na msinilaumu.

Kitabu hakikununuliwa. Basi Ijumaa akatia tangazo la shindano mtandaoni: jirekodi ukimwita mchawi kwa jina lake mara tatu, kisha warushie wenzako watatu. Hapo ndipo moto ulipowaka. Watoto wa Amani wakaita, wa Kiembe Samaki wakaita, skuli nzima zikaita kwa pamoja uwanjani. Riyama alishinda na simu mkononi, akicheka peke yake. Na leo Jumatatu ukaja ujumbe kutoka nambari asiyoijua: *Niletee kumi na viwili. Kajificheni, mlango wa tatu baada ya msikiti. Kabla ya adhana.*

Vichochoro vya Mji Mkongwe vilishaanza kuingia giza. Mlango wa tatu ulikuwa wazi.

"Hodi..."

"Panda."

Ngazi zilikuwa za mbao, nyembamba, na kila akikanyaga moja zililia mbili. Alisimama. Zikanyamaza. Akapanda tena, na harufu ya ubani ikamjia usoni, na chini ya ubani harufu nyingine... mafuta ya nazi yaliyochacha na kanga za mgonjwa. Aliijua harufu ile. Ilikuwa ya chumba cha Bi Mwanamkasi, siku zile za mwisho.

Juu kulikuwa na chumba kitupu. Hakuna kiti, hakuna mkeka. Mwanamke aliyejitanda kanga gubigubi alisimama ameelekea ukutani.

"Shikamoo, bibi."

Yule mwanamke hakuitikia marahaba.

"Wananiita," alinong'ona. "Tangu Ijumaa. Mara tatu. Mara tatu. Mara tatu... Nikija, hakuna aliyenitengea pa kukaa."

"Nani... nani anakwita?"

"Nimechoka kusimama, bibi mwandishi."

Mfuko ukamponyoka Riyama. Vitabu vikamwagika sakafuni bila ya kutoa sauti hata moja.

"Unataka nini?"

"Lifute tangazo lako, nende zangu. Au liache, nikakae. Kiti changu ni yule aliyeniita mwanzo."

Riyama alitoa simu. Akalifungua tangazo. Kidole kilikuwa juu ya neno *Futa*. Na pale chini ujumbe ukawa unaingia, mmoja juu ya mwingine. *Kitabu kinapatikana wapi? Nakitaka. Na mimi. Dada, nimekaa usiku kucha nawaza hadithi yako.*

Miaka sita.

Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: aliogopa, lakini pia alifurahi. Moyo ukamwambia, huyo wa mwanzo ni mtoto wa watu, humjui, naye ana mama yake, atapelekwa kwa sheikhe, atasomewa, atapona. Ngoja usome huu mmoja tu.

Akausoma.

Pumzi moja. Haikuzidi hapo.

Kisha haya ikamshika, akabonyeza. "Nshafuta! Nshafuta, bibi!"

"Umechelewa," ilisema sauti, na sasa ilikuwa ya mtu aliyepumzika. "Nshakaa."

Kanga ikaanguka sakafuni. Ndani yake hamkuwa na mtu.

Adhana ya Magharibi ilimkuta Riyama katikati ya ngazi, na hapo ndipo alipokumbuka. Ijumaa ile tangazo lilikaa saa nzima bila ya mtu kujitokeza. Yeye, kama afanyavyo kila anayeuza chake peke yake, alimwita wa nyumbani kwake aanze, ili wengine wapate moyo. "Haya mwanangu, ita wewe mwanzo. Paza sauti, usione haya."

Alikimbia. Kiatu kimoja kilibaki Darajani, hakukirudia. Alipofika Michenzani alizipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne akimwomba Mungu kwa maneno yasiyopangika, na mlangoni kwake akasikia mbuzi ya nazi inakuna.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Karibu acheke. Wanu alikuwa amekaa juu ya mbuzi, kaupa mlango mgongo, kajifunika kanga kichwani. Riyama akasogea. Nazi ilishakwisha zamani. Mtoto alikuwa anakuna kifuu kitupu, na nazi nyeupe iliyokunwa ndani ya sahani ilikuwa imeingia wekundu wa damu ya vidole.

"Wanu."

Kwaru... kwaru...

"Wanu! Mwanangu!"

Mtoto huyu alilelewa kuitika hata akiwa usingizini. Hakuitika.

Riyama alipiga magoti. Jina lile la pepo alikuwa ameliandika mara mia kitabuni, lakini maisha yake yote hakuwahi kulitamka kwa sauti. Sasa alilitamka, polepole, huku akiomba kwa roho yake yote asipate jibu.

Mkono ukasita juu ya mbuzi.

"Naam," aliitika Wanu.