Jua Lililopatwa Mwaka wa Shaka 695

Askari kanzu Ketaki Rangnekar alikata kona, pikipiki yake ya Royal Enfield ikilalia ubavu, changarawe zikiruka.

Mbele yake mtu mwenye koti la kijivu alikuwa akikimbilia kituo cha reli cha Miraj, amekumbatia mkoba wa chuma.

Ketaki alimrukia. Wakaviringika vumbini.

Pingu. Kwaka!

"Umechelewa, dada," jamaa akacheka, mdomo umejaa damu. "Sardeshpande keshapanda treni. Na yeye ana mkoba kama huu."

Ketaki akaufungua. Bamba la shaba, limejaa maandishi ya kale. Ndilo lililoibwa hekaluni, au nakala? Bamba halisi peke yake ndilo lililotaja mwaka wa mfalme wa kale aliyelichongesha. Likivuka mpaka, ukoo mzima wa mfalme huyo ungebaki ukielea bila tarehe katika historia.

Treni ilipiga honi.

Alipiga picha, akamtumia Bi Kusum Ainapure, msomaji wa maandishi ya kale huko Mysore. Simu ikaita papo hapo.

"Mama, ndilo?"

"Kwa Shaka, kalenda yetu ya kale, ni mwaka wa 695. Jumlisha sabini na nane, unapata 773 wa Kizungu. Sawa kabisa."

"Basi ninalo!"

"Tulia, mwanangu! Mfalme alitoa shamba siku jua lilipopatwa... ati mwezi mpevu?"

"Kwani vipi?"

"Jua hupatwa mwezi ukiwa gizani tu! Fundi kakuta pameliwa na kutu, akabuni. Hilo bandia!"

Ketaki alimfunga jamaa kwenye nguzo, akatimua mbio. Treni ilikuwa imeanza kuondoka. Akadaka chuma cha mlango wa behewa la mwisho, akajivuta ndani.

Akabonyeza redio. "Mwewe hapa. Nimo ndani ya treni. Nipokeeni Sangli."

"Tumekupata, Mwewe."

Behewa la tatu. Sardeshpande, mlanguzi mwenye nywele za fedha, alikuwa akila vada, andazi la dengu, mkoba mapajani. Mkono wake ulipozama kotini, bastola ya Ketaki, Glock, ilishamgusa shingo.

"Taratibu, mzee."

"Binti, hii nakala tu. Halisi unayo wewe."

"Langu linasema jua lilipatwa mwezi mpevu."

Uso ukamsawijika. "Nilimwambia yule mpumbavu aache pengo!"

"Asante. Abiria wote wamekusikia."

Sangli, askari walimteremsha mlanguzi. Ketaki alituma picha ya pili, akasubiri, vidole vikigongagonga mkoba.

Simu iliita. Kwanza alisikia kwikwi za kilio.

"Kutu imekula, lakini bado nasoma: mwezi uko gizani, mwanangu. Ndilo."

"Futa machozi, Mama."

Akakata simu, akavaa miwani ya jua, akauliza chai inauzwa wapi.