Mchicha wa Mama na Samadi Yenye Moto

Enyi wananchi watukufu, tegeni masikio. Leo natangaza Mapinduzi Makubwa ya Kilimo yaliyotokea katika shamba la ukoo wetu. Shamba lenyewe liko nyuma ya jiko, na paka wetu akijinyoosha humo, nusu yake imekwisha.

Hata hivyo, mama analipenda. Yeye ni muuguzi. Akitoka kazini hupitia uani kwanza, kabla hata ya kuvua viatu, kuisalimia miche yake ya mchicha.

Siku niliyofika kutoka bweni nilimkuta na wasiwasi.

"Mwenye nyumba anataka kumwaga zege hapa, aegeshe gari lake," aliniambia. "Nimembembeleza. Atakuja likizo yenu ikiisha. Akikuta mboga, ua ni wangu. Akikuta vumbi, zege."

"Ondoa shaka, mama. Kwani umenisomesha bure? Mche ni kama mwanafunzi. Ukilishwa, unanenepa."

Nikabeba ndoo hadi kwa jirani anayefuga kuku. Nikazoa kinyesi kibichi, kile cha kutoa machozi. Nikakirundika kwenye mashina, sikuacha mche hata mmoja. Sifa ya shule yangu ilikuwa mikononi mwangu, na kwa kweli ilikuwa inanuka.

Haikupita wiki, majani yakawa ya kahawia pembeni, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Kisha miche ikalala chini. Mama alichuchumaa, akainua mmoja, akaulaza tena polepole kama mgonjwa. Afadhali angenigombeza.

Akampigia simu shangazi, mwenye kitalu cha miche. Shangazi hana mambo ya unyenyekevu. Alinusa akiwa bado mlangoni.

"Nani ameua?"

"Mimi. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, muuaji. Njoo hapa. Ng'oa mche huo. Mzizi ukoje?"

"Mweusi. Umekauka."

"Umeungua. Samadi mbichi ina moto, na ya kuku ni kali mno. Wewe ungelishwa kikombe kizima cha pilipili ungenenepa?"

"Kwa chakula cha bweni letu, shangazi, ningeomba cha pili."

Mama akacheka. Nikapumua.

"Samadi huivishwa kwanza," shangazi akaendelea. "Irundike kivulini, uichanganye na majani makavu. Inyunyizie maji, iwe na unyevu lakini isiwe tope. Ifunike, na uwe unaigeuza. Kisha choma kijiti katikati, kiache kidogo, ukichomoe, ukishike. Kikiwa na joto, bado. Kikiwa baridi, na samadi ikinukia kama udongo baada ya mvua, imeiva. Ni kazi ya miezi. Usiwe na pupa."

"Na kinyesi kibichi kwenye mboga huleta maradhi ya kuhara," mama akasema. "Hilo hata mimi ningekwambia, kama ungeniuliza."

"Lakini miezi hatuna, shangazi," nikasema.

"Ndiyo maana nimemletea wifi yangu gunia la iliyoiva. Na mbegu. Mchicha si mvivu kama wewe. Kwanza kwangua uchafu wako wote."

Nikakwangua. Tukalima matuta, tukachanganya samadi iliyoiva na udongo, tukanyunyiza mbegu kwa mistari na kuzifunika kwa udongo mwembamba. Tukamwagilia asubuhi na jioni, jua likiwa limepoa.

Asubuhi moja nikaona nyuzi za kijani.

"Mama, njoo. Acha hiyo chai, njoo."

Alikuja na kikombe mkononi, kiatu kimoja mguuni. Tulipiga magoti pale tukahesabu hadi tukapotea. Kila siku nilikimbilia uani kabla ya kunawa uso. Palipobanana tulipunguza miche, na ile midogo tuliyoing'oa tukaila. Naapa sijawahi kula kitu kitamu hivyo.

Mwenye nyumba akaja, shangazi naye akiwapo. Akapita kati ya matuta. Akang'oa mche mmoja, akaitazama mizizi yake myeupe.

"Basi, dada," akamwambia mama. "Habari ya zege tuisahau. Ua ni wako."

Mama akanibana mkono hadi ukauma.

"Naomba wa kupika leo," akaongeza mwenye nyumba, akaelekea kwenye mchicha mrefu wa kona ya mwisho. Akavuta. Ukatoka bila ubishi, umekatwa kwa kisu, hauna mzizi. Akavuta wa pili. Ukatoka na kipande cha kamba.

"Neno langu ni lile lile," akasema, akijizuia kucheka. "Ule wenye mizizi umenitosha. Lakini huu kaupanda nani?"

Shangazi akakunja mikono. Mama akanigeukia.

"Mwanangu?"

Nikakiokota kile kipande cha kamba.

"Ni wa sokoni, mama. Nimeuchomeka alfajiri. Kona ile nilichoka, sikuikwangua, hakikuota kitu. Nikaogopa utanyang'anywa ua kwa ajili yangu. Matuta yako niliyaamini. Kona yangu ndiyo sikuiamini."