Daftari la Maneno ya Siri

Mkutubi alikutwa amelala chali kati ya rafu za jiografia na za kilimo, kiatu kimoja mguuni, kingine chini ya ngazi. Mfagiaji ndiye aliyemwona kwanza, saa mbili asubuhi, akapiga yowe lililokusanya mtaa mzima.

Inspekta aliyefika alikuwa mtu wa utaratibu hadi kero. Askari wake walimwita Bwana Rula, kwa sababu hakuweza kuona mstari uliopinda akanyamaza. Alivaa glavu, akapiga magoti kando ya maiti.

"Amekabwa," alisema daktari wa polisi. "Kwa mikono. Jana, baada tu ya saa kumi na mbili jioni. Lakini hakukubali kirahisi. Tazama kucha."

Chini ya kucha mbili mlikuwa na chembe nyekundu. Si damu. Ilikuwa rangi ya mafuta.

Hapakuibwa kitu. Nyuma ya maktaba palikuwa na chumba alichokuwa akiishi marehemu: kitanda, jiko dogo, na mlango wenye makomeo matatu. Inspekta aliyahesabu mara mbili. Mtu hajifungii hivyo kwa kuogopa vibaka.

Mdogo wa marehemu alifika mchana, macho yamemvimba.

"Pole sana, binti. Dada yako alikuwa anamkimbia nani?"

"Mumewe. Alimvunja mkono, dada akatoroka. Mwaka wa pili huu. Hakuna aliyejua anakoishi, ila mimi na mama."

"Mama alikuwa anampigia simu?"

"Mama hasikii, afande. Tangu utotoni. Simu haimfai kitu. Walikuwa wanaandikiana barua pepe, kila jioni, hakuna siku waliyoruka. Za kufuli, kabla hamjazipiga marufuku."

Inspekta aliumeza ule wingi wa "hamjazipiga" bila kujitetea.

Sheria yenyewe ilikuwa na wiki saba. Barua za kufuli, zile ambazo hazisomi mtu ila aliyeandika na aliyeandikiwa, zilikatazwa nchi nzima. Kila aliyekuwa nazo alitakiwa aende kituo cha polisi, aondoe kufuli, aache na neno lake la siri. Kulibadilisha bila taarifa ni kosa. Mwanzoni vituo viliyakusanya maneno hayo kwenye vikaratasi, na vikaratasi vikawa vinapotea ovyo. Bwana Rula ndiye aliyebuni daftari: kubwa, la jalada gumu, mistari ameipiga kwa mkono wake. Jina, anwani ya barua pepe, neno la siri, sahihi. Makao makuu walimpongeza kwa barua, vituo vingine vikaiga. Barua ile aliitia kwenye fremu, maskini.

Alasiri, mtaalamu wa kompyuta alimwita.

"Afande, kuna mtu amekuwa akisoma barua za marehemu kwa siku tisa. Kwa simu nyingine."

"Alivunja vipi?"

"Hakuvunja. Aliingiza neno la siri mara moja tu, likakubali. Herufi kumi na sita! Hili hakubahatisha. Aliliona limeandikwa mahali."

"Na barua zinasema nini?"

"Mambo ya nyumbani. Mama anauliza kama anakula vizuri. Yeye anajibu kwamba wasomaji wakiondoka saa kumi na mbili, hubaki nusu saa peke yake akirudisha vitabu kwenye rafu. Anasema ndiyo nusu saa anayoipenda kuliko zote."

Inspekta alitoka bila kuaga, akaenda kaunta ya kituo kufungua daftari. Sahihi ya mkutubi ilikuwa ukurasa wa kumi na tisa. Alipoiona tu, mwenyewe akamjia akilini: mwanamke mwembamba, anazungumza chini chini. "Afande, naomba hii moja mniachie. Kuna mtu ananitafuta." Naye alimjibu bila kuinua uso, "Dada yangu, kama huna baya unaogopa nini? Andika hapo kwenye mstari."

Akavuta kiti, akaketi.

Kisha akaendelea kufunua, kwa sababu kazi ni kazi. Kurasa mbili mbele, mwandiko mmoja ulimkamata macho. Herufi zilisimama wima, mikia yote urefu mmoja, kila herufi kubwa imetiwa kivuli upande wa kulia.

"Anwani hii ipo?" alimuuliza mtaalamu.

"Haipo. Haijawahi kuwepo."

"Sasa mtu anakuja kusalimisha asichokuwa nacho, ili iweje?"

Konstebo wa kaunta alikohoa. "Namkumbuka, afande. Alisema hajui kujaza, anatafuta mfano kwa wenzake. Foleni ilikuwa imefika barabarani, nikamwachia daftari."

Inspekta alimpigia simu mdogo wa marehemu. "Shemeji yako anafanya kazi gani?"

"Anaandika mabango. Ya maduka."

Walimkuta juu ya ngazi, mbele ya duka la viatu, brashi nyekundu mkononi. Nyuma ya kiganja chake kulikuwa na mikwaruzo mitatu. Alishuka bila ubishi, akaomba tu afunike kopo, rangi isije ikakauka.

Katika chumba cha mahojiano alionywa kwa mujibu wa sheria, akasema atazungumza.

"Ulimpataje?"

"Mlinisaidia ninyi. Nilijua hawezi kuacha kumwandikia mama yake, kwa hiyo lazima sheria imfikishe kituoni. Nikawa nazunguka vituo. Kila nilikokwenda niliandika anwani ya uongo, nikafunua kurasa. Chenu kilikuwa cha sita."

"Na mwandiko wake uliutambua?"

"Afande, maisha yangu ni herufi."

"Ulikwenda kumwua?"

"Hapana! Nilikwenda kumrudisha nyumbani." Alitazama rangi iliyokauka vidoleni mwake. "Siku tisa nilisoma barua zake. Nilidhani ananilaani humo, au ananililia. Afande, hakunitaja. Hata kwa ubaya! Ni vitabu, ni mvua, ni watoto wanaokuja kusoma hadithi. Kama sikupata kuzaliwa. Nikamuuliza pale, 'Umenisahau?' Akasema, 'Nilikuwa nimeanza.' Ndipo nikamshika."

"Ukamshika wapi?"

"Unajua wapi."

Alitia sahihi maelezo yake kwa herufi nzuri kabisa.

Mdogo wa marehemu alikuwa akingoja kwenye benchi la ukutani. Inspekta angeweza kusema upelelezi unaendelea. Wengi husema hivyo, wakaenda zao kula.

"Amekiri," alimwambia. "Na neno la siri alilipata hapa. Kwenye daftari langu. Dada yako aliniomba, binti, nikakataa."

Binti hakupiga kelele, ingawa inspekta alitamani apigiwe.

"Mama hajui bado. Kuna namna yoyote ya kumwandikia msiba huu, ausome yeye peke yake?"

Kwenye kaunta foleni ilikuwa inasogea, mtu mmoja mmoja.

"Hakuna," alisema inspekta.

"Basi nitakwenda mwenyewe." Alichukua mkoba wake. "Ni siku mbili kwa basi. Na jioni zote mbili atakaa aandike, amuulize mwanawe mbona kimya. Mtazisoma ninyi."