Lukonze Hakuna Mtu

Batuli wa Ipuli, Tabora, yule muuza maandazi, anadai kwamba Paskazia alimwiba mtoto wa Mzungu. Huisimulia habari hiyo kama mtu aliyekuwapo: jinsi msichana alivyompora mtoto mikononi mwa mama yake, akakimbia naye porini, akamnywesha tope. "Na tope lenyewe la nguruwe!" huongeza, huku akigeuza andazi. Watu humwamini, kwa kuwa tope lilikuwapo, na mtoto alinyang'anywa kweli. Yaliyobaki Batuli hayajui. Siku hiyo alikuwa Ipuli na karai lake.

Ulikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka 1974, mvua bado, ardhi inachoma visigino. Mchungaji Aksel, mkewe Inga na binti yao Maja wa miaka mitatu walikuwa wametimiza miezi kumi tangu watoke Norwei. Paskazia, msichana wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyewapikia, na kazi yake kubwa kupita zote ilikuwa maji. Mama Maja alimfundisha tangu siku ya kwanza: yachemke dakika ishirini kwa saa ya ukutani, yapoe, yachujwe, ndipo yafike kinywani mwa mtoto. Paskazia alifuata. Hata alipoona kuni zinakwisha kwa maji matupu, alifuata.

Safari yao ilikuwa ya Lukonze, kijiji cha msituni upande wa Usinge, ambako Mchungaji alibatiza watu kumi na mmoja wakati wa Pasaka. Walishika njia ya zamani ya misafara, ambayo sasa ilikuwa mfereji tu wa nyasi kavu kati ya miti ya miyombo. Saa nne asubuhi kisiki kilichojificha kwenye nyasi kikaigonga Landrova puani. Rejeta ikatoboka. Mchungaji alifungua kifuniko kwa haraka, mvuke ukamrukia, mkono wa kulia ukajaa malengelenge hadi kwenye kiwiko. Alifunga mkono kwa nepi ya mtoto, akaziba tundu kwa sabuni ya kufulia, kisha akanyoosha mkono uliobaki mzima kuomba debe la maji ya kunywa.

"Lukonze ni maili nane," alisema, akigonga ramani kwa kidole. "Kuna kisima. Tutachemsha mengine."

Paskazia alikuwa akiitazama njia. Hapakuwa na alama ya baiskeli, wala kwato, wala mavi mabichi ya ng'ombe. Njia ya kwenda kwa watu haiwi safi namna ile. Alifungua kinywa, akakifunga. Bwana ana ramani, mpishi ana nini? Maji yakamiminwa yote kwenye rejeta, ikabaki chupa moja ya Maja.

Gari lilizimika hatua mia kabla ya kufika. Kuta za Lukonze zilisimama bila paa, milango imeng'olewa, boga moja limekaukia jalalani. Kanisani hakukuwa hata na benchi. Kisima kilikuwa kimebomokea ndani, juu yake miiba.

Inga alimkumbatia mtoto. "Wamekufa wote?"

"Waliokufa hawang'oi milango, Mama," Paskazia alisema. " Wamehamishwa. Wamepelekwa vijiji vya Ujamaa."

Walilala garini. Kulipopambazuka chupa ilikuwa tupu. Maja alilia, kisha akaacha kulia, na kule kuacha ndiko kulikomtisha Paskazia.

"Turudi barabara kuu kwa miguu," Mchungaji alisema. "Maili thelathini."

"Na mtoto?" Inga aliuliza.

Hapo Paskazia akasema, kwa sauti ndogo, "Mchungaji, tusiende. Tukae kwanza, tuwaangalie nyuki."

"Nyuki?"

Nyuma ya kanisa, juu ya miti, ilining'inia mizinga minne ya magome. Baba yake Paskazia alikuwa mlina asali, na alimwambia tangu utotoni kwamba nyuki wa kiangazi ana safari mbili. Anayetoka mauani hurudi kwa kupindapinda. Anayetoka majini hurudi chini chini, mzito kama mama mwenye debe kichwani, na njia yake ni moja. Paskazia aliketi, jua likampiga kisogoni, akatazama. Nusu saa ikapita.

"Tunapoteza muda," Mchungaji alisema.

"Ndiyo, Mchungaji," aliitikia, na hakuinuka.

Alipoinuka alinyoosha mkono kusini. Wakatembea mwendo wa saa moja na zaidi, Inga amembeba mtoto mgongoni kwa kanga, midomo yao imepasuka, mbung'o wakiwauma shingoni. Mguu wa Mchungaji ulizama kwenye mchanga kabla hajatambua kuwa ule ni mto. Ulikuwa mkavu, ila mahali pamoja nguruwe pori walikuwa wamefukua, na nyuki walijaa pale. Paskazia alipiga magoti, akachimba kwa sahani ya bati. Mkono ukazama hadi kiwiko, ukazama hadi bega. Maji yakaja, rangi yake kama chai ya maziwa.

Aliipeleka sahani kwenye midomo ya Maja. Inga akaizuia.

"Yachemshwe."

"Mama Maja, mtoto hana nguvu ya kungo..."

"Dakika ishirini!"

Mchungaji akawasha moto kwa mkono mmoja. Sahani ikawekwa juu ya mawe matatu, naye akaishika saa yake machoni. Dakika ya nane sahani ilikuwa kavu, imebaki duara ya udongo.

"Tujaze tena," alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtu anayeuliza.

Kichwa cha Maja kilianguka nyuma, macho yakabaki meupe. Paskazia hakuomba ruhusa. Alimnyakua, akakimbia naye hadi shimoni, akachovya pindo la kanga yake, akakamua tone kwa tone katika kinywa kile kilichokauka. Inga akamfikia, akampiga kofi, akampiga la pili. Paskazia aliinamisha kichwa kama mtu aliyekutwa na mvua njiani, akaendelea kukamua.

Koo la mtoto likacheza. Likacheza tena. Kisha Maja akaidaka nguo kwa meno, akainyonya kama titi.

Mkono wa Inga ulikuwa bado juu. Aliushusha polepole, akapiga magoti mchangani.

"Nipe. Nifanye mimi."

Moshi ule ndio uliomleta Lugembe, mlina asali wa Lukonze, akisukuma baiskeli na kufoka tangu mbali. "Nani huyo anayechoma msitu wenye mizinga yangu?"

"Shikamoo, mzee," Paskazia alisema.

"Marahaba. Loo! Mchungaji! Mnatafuta nini huku? Sisi tumehama tangu Agosti!"

"Hatukuambiwa," Mchungaji alisema.

"Tulikuachia barua kanisani. Juu ya meza."

"Meza haikuwapo."

Lugembe alijikuna kidevu. "Basi meza ameichukua mke wangu."

Mchungaji alicheka hadi akaketi chini, na kicheko kikageuka kitu kingine, wote wakatazama pembeni kwa heshima.

Maja alipelekwa kwa baiskeli, amefungwa mgongoni kwa Lugembe, hadi kijiji kipya chenye nyumba zilizopangwa mistari kama mahindi. Aliharisha siku tatu, mwili ukichemka kwa homa. Wanawake wa Lukonze walimpokezana, na Inga aliteka maji pamoja nao, na mara moja Paskazia alimwona akiyanywa pale pale kisimani kwa kata, bila kutazama saa. Siku ya nne homa ikashuka, mtoto akataka uji.

Inga aliketi kwenye mkeka, ubavuni mwa Paskazia.

"Kule njiani, kabla hatujamimina yale maji, ulikuwa umeona kwamba Lukonze hakuna mtu?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, Mama? Nyumbani kwenu mimi husema ndiyo."

Kiswahili cha Inga kilikuwa cha kusoma, akakitafuta neno kwa neno.

"Tukirudi Tabora, ukiona tunakosea, useme. Hata nikikasirika. Hata mbele ya wageni. Tafadhali, Paskazia. Utasema?"

Paskazia alipuliza uji kijikoni, akaugusa kwa mdomo wake kwanza, akamlisha mtoto. "Nitasema," alijibu.