Kadi ya Harusi Iliyomfikia Mjomba Mapema

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi. Nasema mapema ili usihangaike kumtafuta.

Naitwa Noah. Mwaka huo wa 2006 nilikuwa nikibuni kadi, kalenda na mabango hapa Kitale. Sikuajiriwa na mtu. Kila mteja alikuja na kazi yake, nikamfanyia, akalipa, akaenda. Mke wangu Jepkorir alipokea wateja. Mimi nilikaa kwenye kompyuta na kugombana na umeme.

Fundi kama mimi anategemea albamu. Mteja mpya huifungua, akaona kazi nilizowafanyia wengine, ndipo akaniamini. Bila albamu, mimi ni mwanamume tu mwenye kompyuta.

Basi, Leila, muuza vitambaa wa Bungoma, aliniagiza kadi za harusi ya binti yake, Suad. Bwana arusi aliitwa Aziz. Nikabuni kadi! Kingo za dhahabu, waridi pembeni, majina yamejipinda kama mmea wa maharagwe. Hata Jepkorir, ambaye sifa zake ni adimu kuliko mvua ya Januari, alisema, "Hii sasa ni kadi."

Leila naye aliipenda. Lakini akaniambia, "Noah, usichape bado. Kuna wazee wanapaswa kuambiwa kwanza."

"Sawa, mama," nikasema.

Nikachapa moja tu. Nikaiweka ukurasa wa kwanza wa albamu yangu.

Siku chache baadaye akaingia Mzee Muhdhar, mwenye duka la misumari na mabati karibu na msikiti. Alitaka kalenda.

"Karibu, mzee," nikasema. "Tazama kazi zangu kwanza. Anza na hii. Harusi kubwa hiyo, ya Bungoma!"

Akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Huyu Suad ni binti wa nani?"

"Wa Leila, muuza vitambaa. Unamjua?"

"Namjua kidogo," akasema. "Tumenyonya ziwa moja."

Nikatafuta pa kujificha. Chini ya meza kulikuwa na printa.

Katika ukoo wao, mjomba huambiwa harusi kwa mdomo. Wazee huja kwake na sukari na majani chai, huketi, huomba baraka zake. Kadi hutoka baadaye. Kadi ikimtangulia mzee, huko ni kumdharau.

"Yaani mimi, mjomba mzima, naambiwa harusi na fundi wa kalenda!" akafoka. "Na hata sukari hukuleta! Mwambie Leila sikanyagi Bungoma."

Akatoka. Muda si muda simu ikalia. Alikuwa Leila.

"Noah! Kaka yangu amesusa. Harusi bila mjomba ni harusi gani? Nani alikuruhusu kuonyesha kadi yangu?"

"Lakini mama, kadi nimeibuni mimi..."

"Basi olewa wewe!" Akakata simu.

Jioni hiyo jirani yetu Edah alikuja kuchukua maziwa. Edah ni wakili. Jepkorir alimsimulia yote, tena kwa furaha nisiyoielewa.

"Wakili, niambie ukweli," nikasema. "Si kazi ni ya mikono yangu? Si naweza kuionyesha nitakavyo?"

"Kubuni umebuni wewe," Edah akasema. "Hakuna mwingine anayeweza kujiita mbunifu wake. Lakini nani alikuagiza?"

"Leila."

"Hapo ndipo wengi huanguka. Sheria yetu ya hakimiliki inasema hivi: mtu akikuagiza kazi, hakimiliki ya kazi hiyo inahamia kwake. Isipokuwa kama mmepatana vingine."

"Kwa hivyo nichome albamu?"

"Hapana, bana! Si nimesema kama mmepatana? Basi pataneni. Kabla hujagusa kompyuta, mwulize mteja: naweza kuonyesha kazi hii kwa wateja wengine? Akikubali, ulizia lini. Harusi, ni baada ya harusi. Duka jipya, ni baada ya kufunguliwa. Halafu andikeni, mtie sahihi wote wawili."

"Na akikataa?"

"Unaheshimu. Na hata akikubali, ficha namba za simu na mambo ya nyumbani kwake. Watu wanataka kuona ufundi wako. Hawana haja ya kujua bibi arusi anakaa wapi."

"Haya maneno ungeyasema juzi, Edah," nikalalamika.

"Juzi hukuniuliza. Juzi ulikuwa unajua kila kitu."

Jepkorir akacheka mpaka akamwaga maziwa.

Kesho yake nilinunua sukari, nikaenda dukani kwa Mzee Muhdhar. Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe ni mzee wa ukoo gani?"

"Ukoo wa wajinga, mzee. Wamenituma niombe msamaha. Leila hakukudharau. Alinikataza kuchapa. Kosa ni langu peke yangu."

Akajaribu kukasirika. Mdomo ukamsaliti, akacheka. Wazee walipofika Ijumaa, aliwapokea vizuri, akatoa baraka. Harusini alikaa mbele kabisa, na kila aliyepita alisimuliwa habari za fundi wa kadi. Nilikula pilau nikiwa maarufu.

Baada ya harusi nilimwomba Leila ruhusa, kama Edah alivyonifunza. Akakubali, ila nifunike namba ya simu. Tangu hapo, kila karatasi ya oda ina swali moja: unakubali tuonyeshe kazi hii, na kuanzia lini? Wengi hukubali. Wachache hukataa, na hatununiani. Albamu ilinenepa, na wateja wakaanza kuja hata kutoka Naitiri na Bokoli.

Mmoja wao alikuwa Festus wa Bungoma, aliyekuwa akifungua hoteli. Alitaka bango la mlangoni. Alikaa na albamu yetu asubuhi nzima, akinywa chai yetu. "Nataka herufi kama za kinyozi huyu," akasema. "Na rangi kama za kalenda hii ya kinu cha unga."

Jepkorir akaandika, kisha akamsomea lile swali.

"Hapana!" Festus akaruka. "Pesa yangu, bango langu. Wengine watazame kwa nini?"

"Ni haki yako," nikasema. "Tunaandika hapana. Kazi utafanyiwa vilevile."

Ningekuwa yeye, ningenyamaza. Yeye akaendelea.

"Ati watu waje hapa wachague kwa vitu vyangu, bure? Mimi si mjinga kama hao wateja wenu wengine!"

Jepkorir akafunga albamu, akaivuta upande wake wa meza.

"Kweli, baba. Na hao wote wangekuwa werevu kama wewe, asubuhi hii ungekuwa umekunywa chai tu."