Nafasi Nyeupe Kati ya Miti

Jioni ile nilikwenda kumchukua binti yangu, Kijino, kwa bibi mchoraji. Bibi huyo ni jirani yetu, mlango wa pili. Nikiwa kazini hunishikia mtoto, na ukimshukuru anakufukuza kwa upawa. Kila mara hukata karatasi yake nzuri katikati ili mwanangu naye apate ya kuchorea.

Yeye huchora miti kwa rangi za maji. Misitu tu, miaka yote. Majirani humtania kwamba angeuza kuni angeshajenga ghorofa.

Mlango ulikuwa wazi. Niliita, nikaingia. Ndala za Kijino zilikuwa chini ya meza, zimepangwa vizuri. Nikajua wametoka kidogo, bibi kambeba mgongoni. Nikakaa kuwasubiri.

Mezani palikuwa na mchoro mbichi. Miti imesongamana, kijani cha giza... na kati ya mashina mawili, nafasi nyeupe, ndogo kama kidole gumba. Nikamwonea huruma. Macho yake yamechoka, nikawaza, kapitiwa. Nikachovya brashi, nikaiziba.

Chumba kikapoa.

Harufu ya majani yaliyolowa ikanijaa puani. Nikasikia matawi yakivunjika. Mbali. Halafu... mtoto akilia, kama yuko chini ya blanketi.

Bibi akaingia na ndoo ya maji. Peke yake.

"Kijino yuko wapi?" nilimuuliza.

"Nimemwacha hapa mezani." Akautazama mchoro. Ndoo ikamponyoka. "Nani kaziba?"

Nikasema ni mimi, nilitaka kusaidia. Hakunigombeza. Alininong'oneza haraka haraka kwamba katika rangi za maji nyeupe haipakwi. Ni karatasi unayoiacha. Pale ndipo pa kutokea. Bintiye aliingia humo akiwa na miaka saba, na tangu hapo kila mchoro humwachia njia.

"Karatasi haijamaliza kunywa rangi," alisema. "Fanya upesi, mwanangu."

Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikakilowesha, nikagandamiza, nikainua. Kijani kikatoka kidogo. Nikarudia. Nilikuwa nalia. Weupe ukaanza kuonekana, hafifu, mwembamba kama ukucha...

Pazia la chumba cha ndani likatikisika.

Kijino akatoka. Miguu imelowa, jani nyweleni. Labda alikuwa amelala huko ndani. Mpaka leo najiambia hivyo.

Nilimkumbatia. Bibi aliendelea kulitazama pazia.

Mwanangu akamwambia taratibu, "Bibi, yule dada wa msituni alifika kwanza. Njia ilikuwa ndogo. Akasema nipite mimi, maana mama yangu analia."

Bibi akachukua brashi na maji safi, akasugua palepale. Akasugua, akasugua, mpaka karatasi ikatoboka. Chini yake palikuwa na ubao wa meza tu.

Asubuhi alimletea Kijino nusu ya karatasi, kama kawaida yake.

Kile kitambaa sikukifua. Nimekitundika ukutani kwangu. Kila jioni doa lake la kijani hulowa upya, na katikati kuna weupe unaozidi kupanuka. Sijamwambia bibi. Nitamwambiaje, na mimi nina mtoto mmoja tu, na njia hiyo yaweza kumrudisha humo?

Jana, Kijino akiwa amesinzia mapajani mwangu, niliziona ndala zake chini ya kitambaa. Zimepangwa vizuri, kama siku ile.

Mwanangu hajawahi kupanga ndala.