Aliyechagua Gari Nyeusi

Gari mpya hunuka ngozi, rangi na petroli. Ya Hamoud bin Salem ilinuka halua. Halua ya moto, iliyotiwa zafarani na marashi kupita kiasi, kama kwamba mtu amekaa kiti cha kushoto usiku kucha, anaila kwa vidole na kujifutia papo hapo.

Asubuhi ya kwanza mkewe, Ruqaya, alifungua mlango, akaingiza kichwa, akakitoa.

"Nani kala humu?"

"Hakuna aliyekula. Gari imetoka dukani jana. Panda, nnachelewa."

Ruqaya akakitazama kiti. Kilikuwa kimebonyea, tena kimebonyea kwa heshima zote, shimo la makalio ya mtu mzima aliyekula akashiba. Hamoud alikuwa mwembamba kama fito, na Ruqaya ukimweka juu ya mto hata foronya haipati habari. Akakigusa. Kilikuwa cha moto. Kikanyanyuka kidogo chini ya kiganja chake, kama mgeni anayejisogeza kwa adabu, kisha kikakaa tena.

Sasa, gari ile kuingia nyumba ile kuliwagharimu ugomvi ambao majirani wa Mbweni waliufuata kama wanavyofuata mchezo jukwaani, na waliokaa mbali wakilalamika hawasikii vizuri. Hamoud alikuwa na duka la taa na vyombo vya bati Mlandege. Ruqaya alisomesha watoto wa kike mjini. Kila asubuhi walisimama njiani kungoja gari ya abiria, ambayo ilikuja dereva wake akishamaliza chai, na dereva yule alikuwa mtu wa kupenda chai. Ruqaya akachoka kuingia darasani ana vumbi hadi kwenye kope. Akauza bangili alizopewa na mama yake, zote, mikono ikabaki mitupu kama ya mtoto, akamwambia mumewe: tununue gari, tuwe tunakwenda na kurudi pamoja, mimi na weye, kiti kwa kiti.

Hamoud akakubali, zikabaki gari mbili za kuchagua. Moja ndogo, ya kijivu, duara duara. Moja nyeusi, boneti yake ndefu mpaka pua ikifika sokoni mkia bado uko nyumbani. Borafya, muuzaji wao, alizisifia zote mbili kama mshenga aliyepewa chakula nyumba mbili.

"Ndogo," alisema Ruqaya. "Njia yetu mchanga na mashimo. Ndogo nyepesi, hainywi petroli kama ng'ombe, na ikizimika mimi na weye tunaisukuma."

"Yaani unanunua gari kwa kupanga kuisukuma."

"Nnanunua gari kwa kupanga kufika."

"Mwenye duka Mlandege ashuke kutoka kwenye kikopo cha maziwa?"

"Ashuke mapema. Si ndilo tunalolitafuta?"

Hamoud akasema basi bora pikipiki. Mama yake, Bi Shariffa, akauliza kutoka chumbani kwake yeye atakaa wapi, juu ya taa? Na ikawa hivyo wiki baada ya wiki, sahani zinatuliwa kwa kishindo, mlango unafungwa kwa nguvu, na kila mmoja anasali kwa sauti kubwa ili mwenzake asikie anayeombewa ni nani.

Bi Shariffa alikuwa na ruhani. Katika nyumba ile hilo halikuwa jambo la kuficha. Jini huyo alirithiwa kutoka kwa babu yake, na wote wakimwita Bwana Mkubwa. Kila palipokuwa na jambo zito, ndoa, safari au kuchimba kisima, Bi Shariffa alifukiziwa udi, akafunikwa shuka nyeupe, ikawekwa halua na marashi, na Bwana Mkubwa akaombwa ruhusa. Ruhusa tu. Tumeamua hivi, turuhusu. Naye hujibu, "Nimeruhusu," huvuta harufu ya halua, huondoka. Tangu enzi za huyo babu hakuna aliyemuuliza maoni yake. Mgeni unamkaribisha, unamlisha, humuulizi nyumba uipange vipi.

Alhamisi moja, baada ya alasiri, Ruqaya akiwa bado mjini, Hamoud aliingia kwa mama yake na chetezo. Alikuwa na hasira hata udi aliutia mwingi kuliko desturi. Bi Shariffa akafunikwa, akatikisika, na sauti nzito ikatoka chini ya shuka.

"Mmeamua nini?"

"Hatujaamua, Bwana Mkubwa. Mke wangu hanisikii. Chagua wewe. Utakayochagua ndiyo."

Moshi wa udi ukasimama. Haukupanda, haukutawanyika, ulisimama kama pazia.

"Nichague mie?"

"Wewe."

"Na mwanamke wako?"

"Atasema nini mbele yako?"

Mabega ya Bi Shariffa yakaanza kutetema. Hamoud alidhani mama yake analia. Kumbe ni kicheko, na anayechekwa ni yeye.

"Nyeusi," ikasema sauti.

Bi Shariffa alipozindukana aliuliza neno moja, "Karuhusu?" Hamoud akajibu, "Karuhusu," akatoka mbio kwenda kwa Borafya.

Basi asubuhi ile ya halua, Ruqaya alipanda. Gari ikazimika. Akashuka, ikawaka yenyewe, inanguruma vizuri kabisa. Akapanda, kimya.

"Umekaa vibaya," alisema Hamoud.

"Watu hukaaje vizuri, kwa kichwa?"

Akahamia nyuma. Gari ikaenda. Ikaenda hivyo siku hiyo na siku zilizofuata, mume mbele, mke nyuma kama mzigo wa mbatata, na kile kiti cha kushoto kitupu katikati ya mazungumzo yao. Ruqaya akisema neno, kioo cha mlango wake kinashuka chenyewe na upepo unalibeba neno. Akinyamaza, kioo kinapanda. Siku ya tatu alifika shuleni na alama za vidole kwenye mkono, vitano, virefu, na ukivihesabu viungo vyake kila kimoja kina kiungo cha ziada. Siku ya nne aliona kwenye kioo kidogo cha dereva ncha ya kilemba cheupe, palepale ambapo kwa macho yake mwenyewe hapakuwa na kitu.

Jioni akamkabili mumewe jikoni.

"Hamoud, mle mna mtu."

"Sema polepole."

"Kwa nini? Gari ina masikio?"

"Nakuomba, sema polepole."

Ruqaya akaitua sufuria chini. Miaka yote aliyoishi naye hakuwahi kumsikia mwanamume yule akiomba.

"Unamjua," alisema. "Nambie."

Akamwambia. Alimwambia anatazama majivu, hadi kwenye lile neno, chagua wewe.

"Umekwenda kunishitaki kwa jini," alisema Ruqaya. Hakupiga kelele, na Hamoud alitamani angepiga. "Mimi nimezungumza nawe juu ya mashimo na petroli. Nimeuza vya mama yangu. Weye ukashindwa kunijibu kama mtu, ukaenda kuleta mwanamume mwengine aniamulie. Na mwanamume mwenyewe angalau angekuwa mwanaadamu."

"Ntazungumza naye. Kwa sasa weye panda gari ya abiria kidogo."

"Kesho ntakaa mbele. Kiti kile bangili zangu. Ahame yeye."

Kesho yake akakaa mbele. Alifunga buibui vizuri, akasema bismillahi, akauvuta mlango. Na ajabu, gari haikuzimika. Iliondoka polepole, kwa upole wa mtu aliyekubali kushindwa, na Hamoud akaanza hata kutabasamu. Walipofika penye magofu ya misheni, jua limeshawaka, watu wanapita na baiskeli zao, Ruqaya akahisi harufu ya sukari inayoungua, kisha akahisi uzito juu ya mapaja yake, kwanza mwepesi kama wa paka, halafu kama wa mtoto, halafu kama wa mtu, na ndipo akafahamu kwamba mwenye kiti hakuhama wala hakukusudia kuhama, bali alikuwa anakaa, anakaa taratibu juu yake kama unavyokalia mto, na uzito ule ukapanda kutoka mapajani hadi tumboni na kutoka tumboni hadi kifuani, mbavu zikalia, pumzi ikakatika vipande, na jasho la moto lenye kunata kama samli likamtiririkia shingoni, jasho ambalo si lake, huku mbele yake njia inakwenda, minazi inakwenda, muuza samaki anawapungia mkono na kucheka kwa kuona mke na mume wanakwenda mjini katika gari nzuri.

"Hamoud," alisema kwa pumzi aliyobakiwa nayo. "Mwambie ashuke."

Hamoud alikuwa ameushika usukani, na usukani ulikuwa unajizungusha wenyewe ndani ya mikono yake. Alisikia. Alitazama njia.

Ruqaya akaufungua mlango kwa goti, akajitupa mchangani.

Bi Shariffa alipoona wanamleta mkwewe bega limeteguka, na kupata habari nzima, alivua kiatu akampiga nacho mwanawe, mtu mwenye ndevu, mbele ya majirani, na wala hakuna aliyemshika mkono. Kisha akatuma mtu Makunduchi kwa Mwalimu Jaku, mganga asiyependa maneno mengi. Mwalimu alifika mchana, akaizunguka gari mara moja, akanusa, akasonya.

"Nani aliichagua hii?"

Hamoud akatazama vidole vya miguu yake.

"Nakuuliza weye mwenye kanzu iliyopigwa pasi."

"Yeye. Nilimwambia achague."

"Basi yake. Sijui mmeniita nifukuze mtu katika gari yake kwa haki gani." Mwalimu akakaa kwenye baraza. "Kwa mama yako hayumo tena, keshahama. Mtu anapata gari ataendelea kukaa kwenye kizee?"

"Kizee yuko hapa anakusikia," alisema Bi Shariffa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Endelea."

"Njia iko, moja. Ntafukiza, ntasoma, naye atasimama asikie. Hapo weye mumewe utasema kwa kinywa chako: nilikosea kukupa kuchagua, aliyekuwa na haki ni mke wangu, na kiti hiki chake. Atatoka. Lakini akitoka atatoka na roho ya gari. Haitowaka tena, si kwa fundi wala kwa hendeli. Mtaiacha papo hapo ilipo, kuku watage ndani yake."

Ruqaya alikuwa mlangoni, mkono umefungwa kwa khanga. Alimtazama mumewe, na kila aliyekuwepo alimwona Hamoud anaigeukia gari. Iling'ara. Jua lilikuwa juu ya boneti ile ndefu, na bila shaka Hamoud aliiona Mlandege nzima inasimama kumpisha.

Mwalimu akafukiza. Akasoma. Moshi ukaingia ndani ya gari kupitia vioo, ukajaza, na upande wa kushoto ukabaki umbo ambalo moshi haukuligusa, kilemba, mabega, magoti mapana. Umbo likageuza kichwa kumtazama Hamoud. Kuku wote wa ua ule wakalala chini.

"Sema," alinong'ona Mwalimu.

"Hakuna njia ya katikati?" alinong'ona Hamoud. "Pengine yeye Ruqaya apumzike kwao kwa muda. Mwezi. Nami nizungumze naye taratibu, mambo yakitulia..."

Mwalimu Jaku akamwaga makaa mchangani.

Ruqaya hakulia wala hakutukana, na wale majirani waliokuja kusikiliza waliondoka wamekasirika kwa niaba yake. Alichukua mkoba wa daftari za wanafunzi, akavaa viatu, akashika njia ya mjini kwa miguu. Bi Shariffa akamfuata na mkeka wake kichwani.

"Mama, unakwenda wapi?" aliuliza Hamoud.

"Kwa mwanangu," alijibu, na akampita.

Asubuhi iliyofuata Hamoud alivaa, akajipaka marashi, akaenda kwenye gari yake. Mlango wa dereva ukakataa. Akauvuta, akaupiga teke, akatia ufunguo, ufunguo ukapindika kama nta. Ndipo akasikia upande wa pili kitasa kinajigeuza, na mlango wa kushoto ukafunguka taratibu, wazi kabisa, ukangoja.

Saa mbili watu wa Mlandege waliiona gari nyeusi inakuja, inakwenda vizuri, inapiga honi penye kona. Kiti cha usukani kimebonyea na hakina mtu. Hamoud alikuwa kushoto, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti kama mwari, macho mbele. Haikusimama dukani kwake. Ilipita, ikaelekea njia ya msitu wa Jozani, na aliyekuwa karibu zaidi alimwona akigeuza uso kuutazama usukani, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake, na kujibu kwa sauti ndogo:

"Naam."